Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Stesheni Yetu ya Kima

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika,

Asanteni kwa kuja, ingawa viti vitupu naviona kutoka hapa. Daftarini tuko 62, leo tumefika 19. Akidi ni 21 na nimeambiwa wawili wako njiani, kwa hiyo tuanze.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tulifyeka nyasi kando ya reli mara tatu, tukapaka chokaa, tukapokea wanafunzi. Saruji ya ngazi niliinunua mwenyewe na sikudai.

Sasa kibao cha historia ya stesheni yetu. Maneno yanayosemwa hotelini yananifikia. Kuna waliotaka kibao kianze na Charles Ryall, mkuu wa polisi aliyeuawa na simba hapa Juni 1900, kisha kiseme Kima ilipata jina kwa sababu Mzungu aligeuzwa kima, nyama ya kusaga. Nilikataa, na ningekataa tena. Hakuna aliyeniletea hata karatasi moja ya ushahidi, zaidi ya “babu alisema”. Babu yangu pia alisema mengi.

Isitoshe, simba yule hakumngoja Ryall. Alikuwa ameshawashambulia watu wa stesheni. Alipanda paa akakwaruza mabati kwa makucha, hadi karani wa telegrafu, Mhindi, akapeleka ujumbe wa kuomba msaada kwamba simba anapigana na stesheni. Dereva mmoja wa treni alijificha ndani ya tangi la maji ili amvizie. Simba akalipindua tangi na kujaribu kumtoa kupitia tundu la juu. Ni baada ya hapo ndipo Ryall na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walipoliacha behewa lao kwenye njia ya pembeni wamwinde. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, na inaaminika alisinzia. Simba akaingia, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akatoka dirishani na Ryall mdomoni.

Ryall ana kaburi Nairobi. Behewa lake liko Makumbusho ya Reli na watu wanalipa kuliona. Waliomtangulia hapa Kima, nani anataja majina yao? Ndiyo maana mstari wa kwanza wa kibao ni wao, na Ryall anafuata. Mwenye kuona nimemdharau marehemu anione baada ya mkutano, si hotelini.

Safari ya Nairobi haikuwa pikiniki. Kamati haiwezi kuandika habari za behewa ambalo haijaliona. Tulikwenda wanane, tukasimama mbele ya dirisha lenyewe. Mama watoto alikuwepo, ndiyo, na nauli alijilipia. Risiti ninayo.

Hesabu: tulianza na Ksh 48,250, ada zikaingia 22,000, tukatumia 57,900 (safari 31,400, kibao 19,500, mengineyo 7,000), zimebaki 12,350. Ada ni Ksh 1,000 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: 22 wamelipa, 40 hawajalipa, na baadhi ya hao 40 ndio wanaouliza kwa sauti kubwa pesa za safari zilikwenda wapi.

Mbele huko tuna matumaini. Reli iliyotoka Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899 ndiyo iliyotuweka kwenye ramani. Tangu 2017 abiria wa Mombasa wanapanda SGR, reli mpya, na jirani zetu wa Emali ndio wenye kituo. Lakini pale makumbusho niliiona Mount Gelai, lile garimoshi la mvuke aina ya Garratt namba 5918, nikajiambia huenda siku moja treni ya watalii ikapita hapa kwetu. Tutaandika barua. Kamati ijayo itaangalia, iwe nitakuwemo au la.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango akiwa na kitabu cha risiti. M-Pesa pia inapokelewa.

Mwenyekiti