Kigongo tulikuwa na foleni ya kuongelea

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi si mtu wa kalamu. Haya namtamkia mjukuu wangu, yeye ndiye anaandika, kwa hiyo palipo na makosa ya herufi mumlaumu yeye. (Ananiangalia kwa jicho baya hapa.)

Kilichoniamsha ni barua ya kijana wa Nyegezi mliyoitoa wiki iliyopita. Analalamika kwamba mabinti wa Mwanza wanaringa. Anasema kwa mwezi mmoja amewasalimia mabinti saba pale stendi, sita wakampita kama nguzo ya umeme, na wa saba akamwambia, "Kaka, nipishe." Akamaliza kwa kuuliza: siku hizi mtu anaanzaje mazungumzo na binti aliyempenda kwa macho?

Kauliza vizuri, na sijaona aliyemjibu. Acha nimjibu mimi, kwa sababu miaka ishirini na mbili nimekaa nikiwatazama watu wakihangaika na swali hilohilo mbele ya beseni langu la karanga. Wachache waliliweza.

Nilikuwa nauza karanga, mayai ya kuchemsha na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pale Kigongo, upande wa Misungwi, watu walipokuwa wakipandia feri ya kwenda Busisi. Kwa msomaji ambaye hakuwahi kupita pale kabla daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa, Juni 2025, mambo yalikuwa hivi. Basi la Sengerema, la Geita, la Bukoba, yote yalikuja kusimama kwenye foleni moja. Abiria mnashuka, mnapanda feri kwa miguu, basi linapanda peke yake. Feri ikiwa imejaa, mnaisubiri iende irudi. Siku za sikukuu, au feri moja ikiwa mbovu, mtu alikaa pale saa mbili au tatu, jua linampiga utosini. Watu walilaani. Mimi nilikuwa nauza.

Leo ni kilomita 3 za lami juu ya maji, basi linapita kwa dakika chache na abiria hajainua hata macho kwenye simu. Silisemi daraja vibaya. Nimeona wajawazito wa rufaa wakisubiri feri usiku, na sitaki kuona hivyo tena. Beseni langu nimelihamishia Usagara, maisha yanaendelea. Ila foleni ile ilikuwa inawafundisha vijana kuongea, na hilo sikulisikia likisemwa na yeyote siku ya sherehe.

Kuna siku moja mpaka leo ninayo. Ilikuwa masika, mvua ikashuka bila taarifa kama mvua ya ziwani inavyofanya, tukajibana wote chini ya bati langu na la jirani yangu wa chipsi. Kulikuwa na binti amebeba boksi la vifaranga, lile lenye matundu pembeni, wanalia humo ndani bila kupumua. Na kulikuwa na kijana, begi mgongoni, viatu vya kuchongoka vimeliwa na tope, bahasha ya kaki ameificha ndani ya shati isilowe. Nikajua huyu ni mwalimu mpya, anakwenda kuripoti.

Kwamba amemwona binti, nilijua kabla yake mwenyewe. Mtu anayekuja kununua karanga za mia mara tatu hana njaa.

Kila akinunua alirudi palepale, hatua mbili hivi, hasogei. Mara ya tatu akainama kidogo. Hakumwangalia binti, aliliangalia boksi. Akasema, "Samahani dada, hawa nao wanakatiwa tiketi?"

Binti akasema, "Nimewaambia tukifika getini wanyamaze."

Na wale vifaranga, kama waliosikia, wakazidisha kelele. Hata jirani yangu wa chipsi, mwanamke asiyecheka, alicheka.

Sasa kijana wa Nyegezi, tulia hapo. Yule mwalimu hakumwambia binti kwamba ni mzuri. Binti anajua sura yake, ameanza kuiona kwenye kioo kabla wewe hujazaliwa kwake. Alimuuliza juu ya kitu kilichokuwa mikononi mwake, ambacho wote wawili walikuwa wanakiona na kukisikia. Binti angetaka, angesema "hapana" akageuka kuangalia mvua, na hakuna ambaye angeaibika. Kisha, na hapa ndipo wengi wenu mnapoanguka, baada ya kuuliza akanyamaza. Hakuongeza la pili wala la tatu. Alisimama na karanga zake. Ukimya ukakaa kidogo, halafu binti ndiye akauliza, "Na wewe mbona umeweka bahasha kifuani kama mtoto mchanga?"

Wakaanza hapo. Binti akaeleza kwamba ni vifaranga wa siku moja na baridi ile itamwulia nusu. Mwalimu akaja kwangu na chupa tupu ya soda kuomba maji ya moto. Nikamchotea kwenye sufuria yangu. Wakaizungushia chupa kipande cha kitenge, wakaiweka katikati ya boksi, na vifaranga wakaisogelea wakanyamaza mmoja mmoja. Maji yale yalikuwa yamechemshia mayai. Sikuwaambia.

Feri ilipopiga honi, hakuomba namba. Alisema tu, "Ijumaa narudi mjini kuchukua mizigo, nitapita hapa saa tisa." Binti akajibu, "Haya." Neno hilo moja.

Ijumaa mwalimu akaja, binti hakuja. Akanunua karanga za mia tano, akazila zote amesimama, akapanda basi. Wiki iliyofuata binti akapita, mwalimu hakuwepo, na binti akanunua mayai mawili huku akiangalia barabara. Mimi nimekaa katikati kama posta. Ilichukua mwezi na kitu ndipo nikawaona wamekaa pamoja kwenye lile tuta la mawe, wanamenya chungwa moja. Walioana? Sijui. Nilikuwa nauza karanga.

Wale wengine siwahesabu. Kuna wa "psss", kana kwamba anaita paka. Kuna wa "mrembo, mbona umenuna?" kwa mtu ambaye hakununa, alikuwa anafikiria deni lake. Kuna anayeanza na "naomba namba" kabla ya habari za asubuhi. Na kuna wa mkono. Mjukuu wangu huyu anayeandika alishikwa kifundo cha mkono mwezi uliopita akishuka daladala, na aliyemshika anacheka, eti anamtania. Ananiambia niandike kwamba tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumbughudhi mtu kingono kwa maneno au kwa vitendo ni kosa la jinai. Nimeandika. Na mimi naongeza kwamba siku ile alifika nyumbani akanawa mkono mara mbili.

Msidhani nasema haya kwa kuwa zamani tulikuwa malaika. Wasukuma wenzangu wanaijua chagulaga. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na sita, tumetoka kwenye ngoma, Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana, wamechezana mpaka jua limezama. Njiani vijana sita wakatuzunguka mimi na binamu yangu. "Chagulaga mayu! Chagulaga!" Maana yake uchague mmoja wao, na usipochagua huondoki. Wazee waliliita mchezo, na wapo mpaka leo wanaousifia kwamba binti ndiye aliyekuwa anachagua. Ndiyo, nilichagua. Nilimchagua mfupi kuliko wote, nikihesabu kwamba nikitimua mbio hatanifikia.

Alinifikia.

Hakunifanya kitu, alinyang'anya kitambaa changu cha kichwa tu, na kesho yake dada yake akakirudisha kimefuliwa. Ila nilivyokimbia usiku ule, katikati ya mtama, moyo unagonga mpaka masikioni, haukuwa mchezo upande wangu. Kila nikisikia kijana anasema "nilikuwa namsalimia tu," nauliza kwanza: je, alikuwa na pa kupita?

Maana kuna mahali mtu hana pa kupita hata kama pako wazi. Kabla ya karanga nilifanya biashara ya dagaa. Alfajiri mitumbwi inarudi, taa bado zinawaka, sisi wanawake tuko ndani ya maji mpaka magotini na ndoo zetu. Mwenye mtumbwi anakwambia, "Mrembo, leo umependeza." Utamjibu nini? Dagaa ni wake. Ukimnunia, ndoo yako itajazwa ya mwisho, dagaa waliopondeka, bei ileile. Basi unacheka. Yeye anaondoka akijua kuwa unampenda. Nilicheka hivyo miaka minne, na mpaka leo nikisikia mwanamume anasema "lakini alikuwa anacheka" nataka kujua ni nani aliyeshika ndoo. Kondakta, bosi, mwalimu, mwenye nyumba, nyote niliowataja, tafuteni wa kuongea naye mahali ambapo hamjashika kitu chake.

Nimrudie wa Nyegezi. Wewe hujasema uliwasalimia vipi, lakini stendi naijua. Mtu ana begi, ana mtoto wa dada yake mkono mmoja, wapiga debe wanne wanamvuta, kila mmoja anamwita dada, mrembo, mchumba, na nusu yao wanataka nauli yake. Halafu unatokea wewe kwa nyuma na "mambo". Angejuaje kwamba wewe ndiye mwema? Hata mimi ningekupita. Usimsalimie mtu kwa mgongo. Msalimie akiwa anakuona, mchana, akiwa ametulia, na masikio hayajazibwa kwa zile nyaya. Akiitikia huku anaendelea na safari, amekwisha kukujibu, na salamu yako imefika. Salamu si mkopo kwamba sasa anadaiwa.

Na punguza haraka. Kwetu mtu akikwambia "mwangaluka" unaitikia, anakuuliza za nyumbani, anauliza mvua ya kwenu, na huko kote hakuna anachokitafuta, anakupa tu muda wa kumtazama vizuri kama ni mtu au ni mwizi. Ninyi mmeikata yote, mmebakiza "mambo", halafu mnashangaa binti hajawatambua.

Utaniambia foleni imekwenda, tutaongelea wapi? Ziko nyingine. Mashine ya kusaga. Kwaya, kama una sauti, na hata kama huna, maana besi hazitoshi siku zote. Mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, mnaposubiri mzigo kupakiwa. Hapa kwangu Usagara kuna bomba la maji lenye foleni ndefu kuliko ya Kigongo, na nimemwona kijana mmoja, fundi pikipiki, kila jioni anakuja na dumu moja tu la lita ishirini, anakwenda, anarudi nalo tena. Nyumbani kwao wana kisima. Sijamwambia mtu.

Mjukuu wangu ameweka kalamu chini anauliza ni fundi gani. Namwambia aandike.

Anasema pia kwamba yeye, kama ni yeye, angemwitikia mtu anayekosea kidogo kuliko anayejua sana. Wale wenye maneno yaliyopangwa, anasema, unasikia kabisa kwamba wewe ni wa tisa kuambiwa. Hapo nakubaliana naye, na nitakwambia kwa nini.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alinikuta mwaloni kijijini kwetu, mwaka 1987, mchana, nimekaa juu ya jiwe nasubiri mtumbwi wa kwenda ng'ambo. Alikuwa fundi wa nyavu, mwembamba, sindano ya kushonea ameichomeka kwenye nywele. Alisimama mbali, akakohoa. Akasema, "Mwadila mayu." Nikaitikia. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani yamekwisha. Kisha akauliza kama mtumbwi wa kwenda ng'ambo umeshaondoka.

Mtumbwi ulikuwa pale mbele yetu, umefungwa, kamba inapita karibu na mguu wake.

Nikautazama mtumbwi, nikamtazama na yeye. Nikamwambia umeshaondoka.

Bibi Karanga,
zamani Kigongo, sasa Usagara,
Mwanza