YAH: Kufungiwa difu ya 4.10 bila kuulizwa chochote, na vyuma vyangu vya mwaka 1970 kutorudishwa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Difu na Giaboksi.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1970, ile ya kijani iliyolala kwenye gereji yenu hapa Houston siku nne mwezi uliopita. Nililipa dola 1,780 na risiti ninayo. Tangu nilichukue gari nimeliendesha wiki tatu, nimepima mwenyewe, kisha nimelipeleka kwa fundi mwingine akafungua kifuniko cha difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, nikiwa nimesimama hapo hapo. Ndipo nikaona niandike.

Nilikuja kwenu kwa kazi ndogo. Sili ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu, ilikuwa inavujisha oili na beringi zilianza kulia. Ningeweza kwenda popote, ila nilichagua kwenu kwa kuwa mnaongea Kiswahili, na mambo ya difu mimi nimeyajua kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Shule zikifungwa alinipakia. Tukipanda Kitonga alikuwa akinieleza kwamba lori linalopanda mlima bila kuchoka ndilo litakalopiga kelele na kumaliza mafuta tukifika tambarare za Usangu, na kwamba mtu akikuuzia difu bila kuuliza unapita njia gani, huyo hajui anachouza. Nilikuwa na miaka kumi. Sikutegemea kuja kuyakumbuka maneno hayo kwenye kaunta yenu.

Kijana wenu wa mapokezi alinishauri kwamba, kwa kuwa difu inafunguliwa, nibadilishe na pinioni na kraunwili, gia kubwa inayozungushwa nayo, kabisa. Nikamuuliza za uwiano gani, yaani pinioni izunguke mara ngapi tairi zikizunguka mara moja. Akanijibu papo hapo: "Kaka, SS ni 4.10. Ukiweka nyingine unaliua gari." Hakuuliza tairi zangu zina kimo gani, wala giaboksi ni ipi, wala gari linakwenda wapi. Nilimwambia kwamba difu yangu ni 3.31 na kwamba kila baada ya wiki mbili nakwenda Dallas kwa dada yangu, maili kama 240 za barabara kuu ya I-45. Akaniambia nitaipenda. Nikamwamini, kwa sababu yeye ndiye aliyevaa sare ya kazi.

Sasa naomba tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ingechukua dakika moja pale kaunta. Chukua spidi kwa maili, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 336, kisha gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Tairi zangu ni 235/60R15, kimo chake inchi 26.1. Giaboksi yangu ni Turbo Hydra-matic 400, ya gia tatu, na gia ya tatu ni moja kwa moja, yaani haibadilishi mizunguko ya injini. Hakuna ovadraivu ya kupumzisha injini. Kwa difu ya 3.31, nikiwa maili 70 kwa saa, injini inazunguka mara 2,980 hivi kwa dakika. Kwa 4.10 yenu inazunguka karibu mara 3,700, kwa saa tatu na nusu hivi mfululizo. Ukishuka garini masikio bado yanavuma, na nguo zinanuka oili ya moto.

Sisemi 4.10 ni kitu kibaya. Kwenye taa za barabarani gari sasa linaruka kama limepigwa kiboko, na najua sababu: gia ya kwanza ya 2.48 mara 4.10 inakupa 10.2, wakati zamani ilikuwa 8.2. Kwa mtu wa mbio za robo maili, mwenye tairi za nyuma za inchi 28 na gari linalofika uwanjani juu ya trela, mngekuwa mmemfanyia kazi nzuri. Hata mimi, kama ningekuwa na giaboksi ya 700R4 ambayo gia yake ya nne ni 0.70, ile 4.10 ingegeuka kuwa 2.87 barabarani na leo ningewaandikia kuwashukuru. Difu haichaguliwi kwa jina lililobandikwa kwenye grili. Injini yangu yenyewe imeandikwa 396 lakini ya mwaka huo ina inchi za ujazo 402. Ni injini kubwa, inavuta tangu chini, haihitaji kuchapwa mizunguko ndipo iamke.

Kuna na jambo la spidomita. Hamkubadilisha gia yake ndogo kwenye giaboksi, wala hamkunitajia kwamba inapaswa kubadilishwa. Safari ya kwanza mshale ulisimama kwenye 70 na malori yote yakanipita. Nilidhani injini imeharibika. Simu ilionyesha naenda maili 57. Nilipofika 70 ya kweli, mshale ulikuwa 87. Maili 240 za Dallas zikaandikwa kama 297 kwenye gari ambalo kila maili yake nimeitunza kwenye daftari tangu nilinunue. Mafuta nayo: zamani nilijaza Houston nikafika Dallas, siku hiyo nililazimika kusimama Fairfield.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia kwa muda. Lililonifanya niandike barua hii ni hili linalofuata.

Difu ya gari langu ni ile ya boliti 12 ya Chevrolet. Anayefanya kazi na difu hizi anajua kwamba kibebeo cha kraunwili hakifanani kwa kila uwiano: kile kinachobeba 3.31 hakibebi seti ya kawaida ya 4.10, kwa sababu pinioni ya meno machache ni nyembamba na kraunwili inabidi isogee. Kwa hiyo mafundi wenu, walipoona 4.10 haikai, walitoa kibebeo changu cha Positraction, kile kinachozuia tairi moja kuteleza peke yake, kilichotoka kiwandani na gari hili, wakaweka kipya, wakaongeza bei kwenye bili, na hakuna aliyenipigia simu. Nililiona hilo kwenye risiti. Kwenye fomu ya kupokelea gari nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Vyuma vyote vya zamani nirudishiwe." Nilirudishiwa beringi mbili chakavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Kibebeo changu kiko wapi? Kraunwili yangu ya meno 43 na pinioni yake ya meno 13 viko wapi? Havikuwa na ubovu. Kilichokuwa kibovu ni beringi na sili. Herufi zilizogongwa kiwandani kwenye bomba la ekseli, upande wa abiria, bado zinasema 3.31, na ndani yake sasa kuna kitu kingine. Nimelihangaikia gari hili miaka tisa ili kila kitu kilichotoka nacho kibaki nacho. Na hata nikitaka kurudi kwenye 3.31 kwa fedha zangu, siwezi kuzifunga kwenye kibebeo mlichoniwekea. Mmenifungia na mlango wa kurudia.

Fundi aliyeikagua alipaka rangi ya alama kwenye meno na kuzungusha. Alama ya mguso ilikaa chini kabisa karibu na shina la jino, maana yake pinioni imeingia ndani mno. Alipoivuta alikuta shimu, kile chuma chembamba cha kupangia kina cha pinioni, ileile ya zamani imerudishwa bila kupimwa upya kwa gia mpya. Nafasi kati ya meno aliyoipima ni 0.015 ya inchi, mahali ambapo inatakiwa iwe kati ya 0.006 na 0.010. Hii ndiyo sababu difu inavuma kuanzia maili 45 na kuendelea. Na siku mnanikabidhi funguo hakuna aliyeniambia kwamba gia mpya zinataka kuendeshwa taratibu dakika 20, ziachwe zipoe, na oili ibadilishwe baada ya maili 500. Nilitoka getini kwenu nikaenda moja kwa moja Dallas.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza kabisa mtafute na kunirudishia kibebeo, kraunwili na pinioni za gari langu. Kama bado viko kwenye stoo au kwenye pipa la vyuma, nitakuja mwenyewe kuvitambua; pinioni ina alama ya tindo niliyoigonga mimi. Vikipatikana, mvifunge kwa beringi mpya, mpime shimu, na mnionyeshe alama ya mguso kwa macho yangu kabla kifuniko hakijafungwa, bila gharama nyingine. Seti ya 4.10 na kibebeo chake mvichukue na mnirudishie bei yake pamoja na ufundi. Ikiwa mmeviuza au kuvitupa, nataka kuambiwa hivyo kwa maandishi, na tukae tukubaliane thamani yake, kwa sababu kibebeo cha 1970 siendi kukinunua dukani kesho.

Naomba pia yule kijana asifukuzwe kwa ajili ya barua hii. Mwekeeni kwenye fomu nafasi tatu za kujaza: kimo cha tairi, aina ya giaboksi, na njia ambayo gari linapita.

Gari kwa sasa nimeliegesha, kwa kuwa fundi amenishauri nisiliendeshe. Mkiwa tayari, njooni mlichukue na trela yenu. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi na moja jioni. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku kumi na nne. Nimeambatanisha nakala ya risiti, fomu yenye maandishi yangu, na picha sita za meno ya gia.

Wenu mteja,
Mwenye Chevelle ya kijani, Houston