Jina lako kwenye kikombe cha mtindi

Mwanangu Pendo,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa bado na glovu mikononi, nikamwambia dada anisogezee simu. Unasema wenzako hapo Dodoma wameona picha ya vikombe kwenye status yangu, na sasa bweni zima linakuita Mtindi. Unataka jina lako litolewe kwenye lebo. Mama yako hajakasirika. Ila kabla sijamjibu mchapaji, nisikilize kidogo, maana jina hilo sikulibandika ovyo.

Kwenye mafunzo ya usindikaji, mwalimu alimtaja Daniel Carasso, mtu ambaye jina lake nalo liliwekwa kwenye yogati, mara moja tu, akapita. Mimi nikabaki naye. Usiku nikaendelea kusoma habari zake kwenye simu mpaka bando likaisha.

Daniel alizaliwa 1905 Thessaloniki, mji wa Ugiriki ya leo, ila wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Familia yake walikuwa Wayahudi, wa zile koo zilizofukuzwa Hispania mwaka 1492. Vita vya Balkani vilipoutikisa mji wao, baba yake, Isaac, akaichukua familia na kuipeleka Barcelona. Yaani walikimbilia nchi ileile waliyofukuzwa wazee wao miaka mia nne nyuma. Dunia hii!

Isaac alikuta watoto wengi wa Barcelona wanasumbuliwa na tumbo. Kule alikotoka, yogati ilikuwa chakula cha kila nyumba, kama mtindi wa kibuyu wa bibi yako. Akasoma pia kazi za Metchnikoff, mtaalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, aliyefundisha kwamba bakteria wa maziwa machachu wanafaa tumboni, na kwamba huenda ndio waliowafanya wakulima wa Bulgaria waishi miaka mingi. Huyo mzee alikuwa na Tuzo ya Nobel ya 1908, ingawa hakupewa kwa ajili ya mtindi. Alikunywa maziwa machachu kila siku, akafariki na miaka 71. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza mtindi wa kurefusha maisha, mwachie.

Mwaka 1919 Isaac akaanza kutengeneza yogati yake Barcelona. Hakuipanga sokoni. Aliiuza kwenye maduka ya dawa, maana kwake ilikuwa dawa ya matumbo ya watoto. Ilihitaji jina. Nyumbani mwanawe alikuwa akiitwa Danon, kama sisi tungesema Danieli mdogo. Baba akaongeza herufi moja mwishoni, ikawa Danone. Carasso aliongeza herufi, mimi nikapunguza: wewe ni Upendo kwenye cheti, na Pendo kwenye kikombe.

Daniel alikuwa na miaka 13 jina lake lilipoingia kwenye maduka ya dawa ya mji mzima. Baadaye alisomea biashara Marseille, kisha akaenda hapohapo Taasisi ya Pasteur kujifunza habari za bakteria. Hapo ndipo nilipompendea. Wengi wakirithi biashara wanajifunza kuhesabu pesa tu. Yeye alitaka kujua kinachotokea ndani ya kikombe.

Nawe unajua kwa nini linanigusa. Unakumbuka zile lita 40, ulipokuwa kidato cha tatu? Tulichemsha vizuri, tukapoza mpaka nyuzi 43, tukatia mbegu, yaani bakteria wa kugandisha mtindi, tukafunika ndoo kwa mablanketi. Saa tano baadaye ulikuja na kijiko ukasema, "Mama, bado maji." Tukangoja mpaka alfajiri, bado maji. Mimi nikadhani mbegu imezeeka, nikatupa na mbegu. Kumbe mmoja wa waliotuletea maziwa ng'ombe wake alikuwa na ugonjwa wa kiwele, amechomwa antibiotiki, na hakutuambia. Ile dawa iliyoua wadudu wa kiwele iliua na bakteria wetu. Hasara ya lita 40 kwa sababu sikujua kuwa kilicho ndani ya ndoo ni kitu kinachoishi. Tangu siku hiyo kila anayeleta maziwa namuuliza kwanza habari ya sindano, hata awe mchungaji wa kanisa.

Turudi kwa Daniel. Mwaka 1929 alifungua Danone Paris. Baba yake alifariki 1939, kisha vita vikaja, na Myahudi hakuwa na usalama Ufaransa chini ya Wanazi. Mwaka 1941 akakimbilia Marekani. Mwaka uliofuata, yeye na akina Metzger, Joe na mwanawe Juan, walikuwa wameshika kiwanda kidogo cha yogati kule Bronx, New York. Jina likabadilishwa kidogo ili Wamarekani walitamke bila shida: Dannon.

Shida ikawa ulimi. Wamarekani wengi hawakuzoea uchachu, wanunuzi wa mwanzo walikuwa zaidi wahamiaji waliokua na yogati kwao. Mwaka 1947 wakatia jamu ya stroberi chini ya kikombe, na hapo Wamarekani ndipo walipoanza kuifuata. Bibi yako angeitema. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenisumbua nitengeneze ya stroberi, na sasa inatoka kuliko ile ya kawaida, kwa hiyo sina la kusema.

Yaliyofuata ni mambo ya wakubwa. Dannon ya Marekani iliuzwa 1959, ikanunuliwa tena na wenzao wa Ufaransa 1981. Ile ya Ufaransa iliungana na kampuni ya jibini ya Gervais mwaka 1967, kisha 1973 ikaungana na BSN, watengenezaji wa vioo. Wenye vioo ndio waliokuwa na nguvu, ila mwaka 1994 kundi zima liliacha jina la BSN na kujiita Danone. Mwaka 2014 jina hilo lilifika hata kwa jirani zetu: Danone ilinunua asilimia 40 ya Brookside, kampuni ya maziwa ya Kenya. Daniel alikuwa ameshafariki, mwaka 2009 hapo Paris, akiwa na miaka 103. Metchnikoff angetamba!

Basi mchapaji hachapi chini ya lebo elfu moja, na anataka jibu Ijumaa. Ukisema litoke, litatoka, nitaweka la mtaa wetu. Ukisema libaki, niambie na kama unataka Pendo au Upendo kamili, maana herufi moja zaidi itabidi maandishi yapunguzwe ukubwa. Na ukija likizo nitafutie kipimajoto hapo mjini, hiki cha sasa kioo kimepasuka na nusu ya namba hazisomeki.

Mama yako