Malalamiko: Miwani ya Mazoezi Isiyotaka Jasho

Mkomani, Lamu
9 Februari 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Malindi.

Bwana/Bibi,

MINTARAFU: MIWANI NILIYOUZIWA NOVEMBA

Nilipofika dukani kwenu Novemba, kabla hata sijapimwa macho, nilimweleza kijana wenu kwamba daktari ameniamuru nitembee kwa kasi kila siku kwa sababu ya sukari, kwamba navaa hijabu, na kwamba natoka jasho sana. Akanitolea fremu nyembamba ya chuma, akasema, "Hii ndiyo ya mazoezi, mama." Nikalipa shilingi 14,500. Risiti ninayo.

Kila siku baada ya swala ya alfajiri hufuata ukingo wa bahari kutoka mjini hadi Shela, kama kilomita 3, kisha nikarudi. Miwani haikukaa tangu siku ya kwanza. Jasho likianza tu, inateleza hadi ncha ya pua. Nikiongeza mwendo, inarukaruka. Nikanunua kamba ya kuifunga kisogoni. Kamba ikaivuta mikono yake ndani ya hijabu hadi masikio yakavimba, na kuteleza hakukwisha. Joto la kaskazi lilipopamba moto, ule utando wa kuzuia mng'aro ukapasukapasuka kama tope lililokauka, na bawaba zikaota kutu. Mwezi uliopita, karibu na Shela, mkono wa kulia ukang'oka, miwani ikaanguka juu ya mawe, lenzi moja ikawa vipande viwili.

Kwenye risiti mmeandika lenzi za polikaboneti. Hiyo ndiyo hutengenezewa miwani ya usalama ya mafundi kwa kuwa haivunjiki ovyo. Yangu ilianguka kutoka usoni pangu tu, nami si mrefu. Naomba mnieleze nilipewa nini hasa.

Macho yangu ni hasi 5.50. Bila miwani, kitu kikipita sentimita 18 kutoka machoni kinaanza kuwa ukungu. Nilipofika mjini nilipapasa kuta, nikikwepa punda kwa kusikiliza kwato. Punda wa Lamu aliyebeba mchanga hampishi mtu.

Nilipowapigia simu, niliambiwa jasho halimo katika dhamana. Halafu nikaulizwa, kwa upole kabisa, kwa nini nisiivue miwani wakati wa mazoezi. Basi mliniuzia ya nini? Dau lisilotaka maji huachwa nchi kavu, haliuzwi kwa mvuvi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, bidhaa iwe inafaa kwa matumizi hayo. Mimi niliwajulisha kabla ya kutoa hata senti.

Nirudishieni shilingi 14,500, au mnitengenezee nyingine: fremu ya plastiki nyepesi, vipira laini vya puani, mikono isiyobana chini ya hijabu, na polikaboneti ya kweli. Nauli ya kifurushi, basi hadi Mokowe na boti hadi huku, iwe juu yenu. Mabaki ya miwani nimeyahifadhi. Mkono wa kulia umo baharini.

Nawapa siku 14, kisha nitayapeleka haya Mahakama ya Madai Madogo. Kwa sasa natembea uani, kutoka kisimani hadi mlangoni, na miwani yangu ya zamani iliyofungwa kwa uzi.

Wenu,
Mteja wa Mkomani