Namba za kampuni zisifungiwe kwenye picha

Ndugu Mhariri,

Kila robo ya mwaka ikiisha, gazeti lako hubeba kurasa nzima za taarifa za fedha za mabenki. Wengi huzipita wakiwahi michezo. Mimi huzikata nikazitunza. Ni mhasibu mstaafu wa kiwanda hapa Moshi, na siku hizi nawasomea hesabu wastaafu wenzangu wenye vihisa vyao Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Za mabenki zina raha yake. Benki Kuu imewapangia fomu moja: mikopo mstari uleule, amana mstari uleule, na huko chini uwiano wa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa inavyotakiwa, idadi ya wafanyakazi na ya matawi. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa jiografia enzi zake, hutandaza kurasa mbili mezani, akateremsha rula, akakwambia nani anakopesha ovyo.

Tukigeukia kampuni zisizo benki, rula inagoma. Huyu uchakavu wa mitambo kauingiza kwenye gharama za mauzo, yule kauweka peke yake. Mmoja anaandika kwa maelfu, mwingine kwa mamilioni. Wote wanafuata IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Tanzania inavitumia tangu 2004, na wote wamekaguliwa. Ila IFRS haimpangii mtu fomu. Ukizitafuta hesabu zao mtandaoni unapata PDF, nyingine imeskaniwa ikalala ubavu, basi unaanza kuchapa upya namba mojamoja.

Dawa ipo. Mwaka 1998 Charles Hoffman, Mmarekani, alibuni njia ya kuipa kila namba lebo inayosomwa na kompyuta, ndiyo hii XBRL. Alikuwa mhasibu, nalisema hilo kwa majivuno kidogo. Marekani ilianza kuzilazimisha kampuni kubwa mwaka 2009, Uingereza ikaidai kwenye hesabu za kodi za makampuni mwaka 2011, Afrika Kusini ikafuata 2018. Lebo hubeba jina la namba, kipindi chake na sarafu yake, hivyo mapato ya kampuni kumi yanachomolewa mara moja bila mtu kuchapa chochote.

Lakini tusikurupuke. XBRL inairuhusu kampuni kujitungia lebo pale isipoona inayoifaa, na mwanya huo ukiachwa wazi tutarudi kulekule, kila mtu na msamiati wake. Sifuri tatu zikizidi, kompyuta inazimeza bila kushtuka. Marekani haimlazimishi mkaguzi wa nje kuzithibitisha lebo. Umoja wa Ulaya mkaguzi huzitolea maoni, na lebo ya kujitungia katika taarifa kuu lazima ifungwe kwenye ile ya kawaida iliyo karibu nayo kimaana. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ikiamua kuanza, iige Ulaya, hata kama wakaguzi watapandisha ada. Na watapandisha, nawajua.

Kwa sasa naomba jambo lisilohitaji sheria mpya: kampuni zilizoorodheshwa ziweke faili la Excel la majedwali yaleyale kando ya PDF. Faili hilo wanalo. Hakuna mhasibu anayefunga hesabu za mwaka kwenye picha.

Mhasibu mstaafu,
Majengo, Moshi