Barua ya wazi kwa wahitimu wa uandishi wa habari wa Mwanza

Wanangu wapendwa,

Nimechelewa kuwaandikia kwa kuwa nilitaka kwanza hasira inipungue, lakini haijapungua. Wiki iliyopita nilialikwa katika semina ya waandishi wa habari hapa jijini, na mada kuu ilikuwa uvuvi wa ziwa letu. Mtafiti aliyekuja kuzungumza alikuwa na ramani na takwimu ambazo mwandishi mwenye njaa ya habari angezigombania. Fomu ya posho ilipoanza kuzungushwa mlisaini, mkapokea nauli, na kabla mtafiti hajafika katikati ya mada yake nusu ya viti ilikuwa tupu. Hao hao walioondoka ndio walionipigia simu jioni kuniuliza, "Mama, huko Dar hakuna nafasi?"

Nafasi za Dar es Salaam zinagombewa na wahitimu wa vyuo vya nchi nzima, na mhariri wa huko hana sababu ya kumwita kijana wa Malimbe, hapa Mwanza, afanye kazi ambayo kijana wa Kinondoni anaifikia kwa daladala. Asichokuwa nacho mhariri huyo ni mtu anayelijua ziwa. Asilimia 51 ya Ziwa Victoria imo ndani ya Tanzania, na soko la Mwaloni pale Kirumba linapokea wanunuzi wa dagaa na kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, kutoka hadi Kongo, lakini ninyi mnalipita kila siku mkiwahi mkutano wa waandishi hotelini, ambako nyote mtaandika habari moja kwa maneno yale yale.

Nilipokuwa mhariri, kijana mmoja aliniletea habari kwamba dagaa wameadimika, wananchi wanalia na serikali imekaa kimya. Nilimuuliza mwezi umefikia wapi, akanitajia tarehe. Hakujua kwamba dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na bei ikapanda, kama ilivyopanda mwezi uliotangulia na kama itakavyopanda mwezi ujao. Nilimtuma mwaloni akae huko wiki mbili bila kuniandikia hata mstari mmoja. Alinuna, lakini alikwenda, akarudi na habari ya mabondo, vile vifuko vya hewa vilivyomo tumboni mwa samaki: jinsi bondo la sangara linavyosafirishwa hadi China kwa bei inayouacha mbali mnofu wenyewe, na jinsi wavuvi aliokaa nao walivyokuwa wa mwisho kuijua bei hiyo. Habari ile ndiyo iliyomtambulisha. Leo ni ofisa mawasiliano wa mradi wa uvuvi, na wanaotaka kuajiri humtafuta wenyewe.

Sisemi kwamba lawama zote ni zenu. Wapo wamiliki wa vyombo vya habari wanaomlipa mwandishi wa mkoani kwa kila habari iliyotoka, tena kidogo, tena kwa kuchelewa, kisha wanashangaa kumwona akifuata bahasha. Mimi mwenyewe nilipata kufanya kazi miezi saba bila malipo, nikiwa na mtoto mchanga, na hakuna aliyeniomba radhi. Jamii inayotaka habari za kweli lakini haijali mwandishi anakula nini inajidanganya, na nitalisema hilo mbele ya mmiliki yeyote.

Mengine mnayajua, mnayapuuza tu. Shughulikieni ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi, mapema, kwa maana Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaitaka, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Fuatilieni matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, kwani halmashauri nazo huajiri maofisa habari. Jifunzeni kupiga picha, kurekodi na kuhariri sauti wenyewe. Hifadhini kazi zenu zote. Andikeni Kiswahili kisichohitaji kufuliwa.

Giza la mwezi litakapoingia tena, nitakuwa Mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, siku tatu mfululizo, kwa wauza dagaa. Atakayekuja aje na daftari na awe tayari kukaa hadi mchana. Posho haitakuwepo, ila asiye na nauli aniambie mapema, nitampa.

Mama yenu,
Mhariri mstaafu, Mwanza