Barua kwa mwanangu: sikutungii tena safari

Mwanangu,

Salamu sana. Mimi ni mzima, ila presha na magoti, unayajua mwenyewe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila simu niliyokununulia iliishia kwa wale wanunuzi wasiouliza risiti. Barua utapewa na kijana wa bodaboda anayepita hapo maskani kwenu. Nimeshamlipa, asikudai.

Watu wa Magomeni huniuliza uko wapi, na mimi huwa nakusafirisha. Mara uko Mtwara kwenye korosho, mara umepata ulinzi Morogoro. Sasa basi. Jumamosi kwenye kikoba shoga yangu mmoja kauliza tena, nikamjibu: mwanangu anatumia unga, na yuko hapa hapa mjini. Wakanyamaza. Mmoja akauvuta mkoba wake akaupakata, utadhani teja ni mimi. Mwingine, ambaye nisingemdhania hata kidogo, akanifuata nje kuniambia wa kwake anakunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga, hospitali ya Mwananyamala kila asubuhi. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Sikusema ili nikuaibishe. Uongo una kazi nyingi, baba: lazima ukumbuke ulimpeleka mtu wapi, na ulimwambia nani. Nina miaka 67, kumbukumbu iliyobaki nina mengine ya kuifanyia.

Kaka yako anataka nikufukuze. Mjomba wako alisema una jini, ukanyweshwa kombe, na jioni mkarudi maskani, wewe na hilo jini, nyote mna arosto. Mimi hiyo arosto, mateso ya mwili ukikosa unga, nimeiona kwa macho. Miayo, kamasi, kuhara, viungo vinauma hadi mtu mzima analia. Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema "si aache tu" huwa naondoka pale nilipokaa.

Lakini pesa sikupi. Kiinua mgongo changu kiliyeyuka kwa majina mengi: nauli, dawa ya jino, deni la rafiki. Chakula kipo. Sahani yako inafunikwa uani mpaka saa tatu usiku. Ikipita hapo, kinakuwa kiporo cha mwanao asubuhi. Chumba changu kina kufuli na ufunguo nalala nao. Usilipigie kelele, halisikii.

Mwanao yuko darasa la nne. Juzi kaniuliza kama baba yake ni mwizi. Nikamwambia baba yako anaumwa, na ugonjwa wake humfanya achukue vitu vya watu. Akauliza, unaambukiza? Nikasema hapana. Akatoka kwenda kucheza mpira. Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi sikuwahi kuulizwa swali lililonitoa jasho namna ile.

Kuna jambo moja bado linanishinda. Usiku nikisikia yowe la "mwizi! mwizi!" mtaani, nakuta nimeshasimama, kanga mkononi, nasikiliza ni sauti ya nani inayolia. Unajua wanavyofanya, mawe na tairi. Hilo sijapata dawa yake, na sitaki kukudanganya kwamba nimezoea. Mengine nimeyapunguza: sikuzunguki tena vijiweni na tochi, na nimerudi kwenda harusini. Nacheka huko, tena kwa sauti. Wakikwambia mama yako kakusahau, waambie wewe kuwa si kweli.

Sasa sikiliza la maana. Methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, na ni bure. Unakunywa mbele ya muuguzi, kila siku, na dozi ikishakukaa sawa, inakufikisha kesho yake bila arosto. Si uchawi, na hutapona kwa wiki moja. Kuna watu wanainywa miaka, wanafanya kazi, wanalea. Ukiinywa usichanganye na pombe wala valiamu, vitakuzimia pumzi. Na jingine: ukitoka mahabusu au nyumba ya soba, kule wanakokaa wanaoacha unga, umekaa wiki kadhaa bila unga, usirudie kipimo chako cha zamani. Mwili unakuwa haukiwezi tena, na wengi hufia hapo hapo. Nakwambia hili sikupi ruhusa. Nakwambia kwa sababu nataka ufike hiyo siku utakayoamua.

Dada yako anaingia kazini mchana siku za Jumatatu. Jumatatu hii saa kumi na mbili asubuhi atakuwa hapa nyumbani kukusindikiza Mwananyamala, na nauli atashika yeye. Njoo ulivyo, hata kama hujaoga; maji yapo na shati la marehemu baba yako nimelipiga pasi. Usipotokea, tutakunywa chai yetu, yeye aende kazini, mimi niende kwenye kikoba kudai faida yangu. Jumatatu inayofuata atakuwepo tena, saa ile ile.

Mama yako